Malindi hadi Lamu kwa Gari Ukila Vibandani: Mwongozo Kamili wa Siku Moja

Wengi wanaotoka Malindi kwenda Lamu kwa barabara hurudi na lalamiko lilelile: njia ilikuwa nzuri, ila hawakula chochote cha maana. Waliondoka saa nne, wakakuta mahamri yamekwisha. Wakafika Lamu saa tisa, wali umemalizika na mkaa wa mishkaki haujawashwa. Siku ikaishia kwenye soda na biskuti.

Chakula kipo, tena kizuri. Kinachowakosesha ni saa. Jiko la Pwani lina ratiba yake: mahamri alfajiri, wali adhuhuri, viazi karai na bajia alasiri, mishkaki baada ya Magharibi. Anayepanga safari kwa kilomita peke yake huzikosa zote nne. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa saa za kula, na mambo ya mafuta, usalama na boti nikayaweka humo humo.

Njia yenyewe haina utata. Unatoka Malindi kuelekea kaskazini, unapita Mambrui, Gongoni na Marereni, unafika Minjila karibu na Garsen, hapo unakata kulia. Unapita Gamba, Witu na Hindi hadi Mokowe. Ni kama kilomita 220, lami, ndani ya kaunti tatu: Kilifi, Tana River na Lamu. Gari linabaki Mokowe, wewe unavuka kwa boti.

## Mahitaji

Yaandae jioni ya kuamkia safari. Asubuhi hutakuwa na nafasi.

- Kitambulisho au pasipoti ya kila aliye ndani ya gari, halisi, si picha ya simu. Vizuizi vya polisi ni vingi.
- Leseni, bima, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza.
- Gurudumu la akiba lenye upepo, jeki na spana inayoingia kwenye nati zako. Ijaribu nyumbani.
- Maji ya kunywa, angalau lita 3 kwa mtu. Kuanzia Marereni joto huwa kali.
- Pesa taslimu za noti ndogo. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini mtandao ukikatika mama wa mahamri hana chenji ya elfu.
- Bakuli lenye kifuniko, kijiko, kitambaa cha mkono na sabuni ndogo.
- Leso au shuka. Utaitandika, utajifunika jua kwenye boti, na mwanamke ataivaa akiingia mji wa kale.
- Mfuko wa takataka.

Bakuli watu hulidharau. Mbaazi zikifungwa kwenye karatasi ya plastiki humwagika, na vibanda vingi havina vyombo vya kubebea. Ukiwa na chombo chako unahudumiwa haraka, na mara nyingi unajaziwa.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Siku nzuri ni Jumamosi hadi Alhamisi, nje ya mwezi wa Ramadhani, nje ya mvua kubwa.

Ijumaa vibanda vingi vya Lamu hufungwa wakati wa sala, takriban saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, na hiyo ndiyo saa yako ya chakula cha mchana. Ukilazimika kusafiri Ijumaa, tangulia nusu saa au ujiandae kula mara tu baada ya sala. Faida yake ni kwamba Ijumaa ndiyo siku ya pilau na biriani.

Ramadhani mchana hutapata kibanda, na si adabu kula barabarani mbele ya waliofunga. Futari ya Lamu, kwa upande wake, ni karamu. Ila hiyo ni safari nyingine yenye mpango mwingine.

Masika, kati ya Aprili na Juni, na vuli ya Oktoba na Novemba, Mto Tana hufurika. Mwishoni mwa 2023 na tena 2024 maji yaliifunika barabara upande wa Gamba, magari yakakwama kwa siku nyingi. Mvua ikiwa imenyesha sana, hata ikiwa imenyesha juu bara na si Malindi, piga simu kwa ofisi za mabasi ya Lamu uulize kama yanapita. Basi likisimamishwa, nawe usiondoke.

Dalili ya kufaulu: unajua barabara iko wazi, na hujaangukia saa ya sala.

## Hatua ya 2: Jaza gari na uulize habari za njia

Jaza tangi Malindi. Mafuta yapo mbele, lakini kituo kimoja kikiishiwa, kinachofuata kiko mbali. Pima upepo wa magurudumu gari likiwa baridi.

Kisha uliza usalama. Tangu 2014, sehemu ya Gamba hadi Hindi imekumbwa na mashambulizi mara kadhaa, ndiyo maana kuna ulinzi na wakati mwingine magari hupitishwa kwa msafara. Hali hubadilika. Uliza polisi Malindi, au madereva wa mabasi kwenye stendi jioni. Wao hulala wakijua kesho itakuwaje.

Wakikuambia usiende, usiende. Mahamri ya Malindi yatakungoja.

## Hatua ya 3: Kula Malindi, saa kumi na mbili asubuhi

Usiondoke na njaa ukijiambia utakula mbele. Huko mbele kuna chai, lakini mahamri na mbaazi za nazi za kweli ziko hapa, na saa tatu zimekwisha.

Tafuta upande wa soko la zamani, Shella au Barani. Hutaona mabango. Utaona moshi, karai, na watoto waliotumwa na bakuli. Fuata hao watoto. Mama yao kamtuma mtoto pale kila siku, na hangemtuma kwenye mbaazi mbovu.

Ukifika, salimu kwanza, kisha uagize:

"Sabalkheri mama. Mbaazi zipo?"

"Zipo mwanangu. Mahamri mangapi?"

Salamu inaharakisha mambo. Anayeanza na "nipe" husubiri.

### Jinsi ya kukipima kibanda kabla ya kuketi

Sehemu hii ndiyo wengi huiruka, kisha wakaumwa tumbo wakiwa Witu. Simama dakika moja uangalie vitu vinne.

Kwanza mafuta ya karai. Mafuta mazuri ni ya rangi ya dhahabu, na hamri likitiwa hupanda juu na kuvimba. Yakiwa meusi na kutoa moshi unaowasha macho, yametumika siku nyingi. Pita.

Pili mbaazi. Huchemshwa zikaiva kabisa, zikatiwa tui jepesi, na kasimile, yaani tui zito la kwanza, huja mwishoni moto ukiwa mdogo. Zilizopikwa hivyo zina mchuzi mzito, mweupe kidogo juu, na punje hupondeka kwa ulimi. Ukiona mchuzi umejitenga, maji chini na mafuta juu, ama zimechemka kwa fujo baada ya kasimile kuingia, ama ni za jana zimepashwa moto. Tui halilali vizuri kwenye joto la Pwani. Chakula cha nazi cha jana usikile hata ukipewa bure.

Tatu maji ya kuoshea vyombo. Lazima pawe na beseni mbili: la sabuni na la kusuuzia. Beseni moja lenye maji ya kijivu likuondoe hapo.

Nne kifuniko. Mahamri yaliyotolewa yawe yamefunikwa kwa kitambaa safi au wavu. Nzi wakitua juu, nenda kwingine.

Idadi ya wateja haimo humu kwa makusudi. Kibanda kilicho karibu na stendi hujaa kwa sababu ya stendi.

### Kula kiasi gani

Mahamri matatu na bakuli la mbaazi kwa mtu mzima, na chai ya rangi yenye tangawizi. Hamri jema ni lepesi, lina uwazi ndani na linanukia iliki ukilipasua. Lipasue uchote mbaazi kwa mkono wa kulia.

Usishibe kupita kiasi. Dereva aliyejaza mbaazi husinzia kabla ya Marereni.

Nunua mengine manane ya njia, uyaache yapoe kabla ya kuyafunika. Yakifunikwa ya moto hutoa jasho na kulegea. Mbaazi usibebe za kula mchana, kwa sababu ileile ya tui.

Dalili ya kufaulu: saa moja kasoro robo umeshiba, umenawa na umelipa. Saa moja kamili unawasha gari.

## Hatua ya 4: Malindi hadi Minjila, saa moja hadi saa tatu

Dakika chache baada ya mji unavuka daraja la Sabaki. Mto huo ndio Galana, ukipanda zaidi ndio Athi, na udongo wake mwekundu ndio unaoichafua bahari ya Malindi wakati wa mvua. Usisimame darajani kupiga picha.

Kutoka Mambrui kuna matuta na wanafunzi barabarani. Mwendo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa, na uutii kwa sababu ya watoto kuliko kwa sababu ya polisi. Gongoni na Marereni ni nchi ya chumvi: malori mazito huingia na kutoka kwenye mashamba ya chumvi. Lori likiwa na mzigo haliwezi kusimama ghafla, kwa hiyo usilipite penye kona hata kama limekuchosha.

Jua litakuwa upande wa kulia. Abiria mwenye mtoto aketi kushoto.

Msimu wa maembe, takriban Novemba hadi Machi, utaona mafungu yamepangwa kando ya barabara. Toka kabisa nje ya lami ndipo usimame, washa taa za tahadhari, na mnunuzi ashuke upande usio na magari. Embe la kula leo linabonyea kidogo karibu na kikonyo na linanukia hapo hapo. Gumu lisilo na harufu ni la kuweka au la kutia achari. Korosho ukiziona, onja moja kwanza. Zilizokaa sana huwa na ladha ya mafuta yaliyochacha.

Baada ya Marereni miti inapungua na mifugo inaongezeka. Ng'ombe mmoja akivuka, hesabu kwamba wapo wengine kichakani. Punguza mwendo na umwangalie mchungaji, kwani yeye ndiye anayejua wamebaki wangapi. Honi huwatawanya wanyama katikati ya barabara, usiipige.

## Hatua ya 5: Chai ya pili, Minjila au Garsen

Minjila ndiyo njia panda. Moja kwa moja ni Garsen mjini, kilomita chache mbele, na Garissa. Kulia ni Lamu. Pumzika hapa nusu saa, kwa sababu sehemu inayofuata hutakiwi kusimamasimama.

Meza hapa si ya Mswahili tena. Waorma na Wasomali wana hoteli zao, na Wapokomo wana samaki wa mto na ndizi. Agiza chai ya maziwa iliyokolea viungo. Anjera ikiwepo, kula na sukari na siagi au na mchuzi wa nyama. Mwenye njaa ya kweli atapata mbuzi wa kuchemsha na supu yake, hata asubuhi.

Maziwa ya ngamia yako hapa na yanafaa kuonjwa, ila yawe yamechemshwa. Maziwa mabichi, ya ngamia au ya ng'ombe, hubeba vijidudu vya homa inayokaa mwilini kwa miezi. Muulize mwenye hoteli waziwazi: "Yamechemshwa haya?" Hakuna anayekasirika kwa swali hilo. Salama zaidi, yanywe ndani ya chai.

Kachumbari hapa ningeiacha. Maji ni ya shida na mboga mbichi huoshwa kwa kidogo kilichopo. Ndimu na pilipili zinatosha kuchangamsha supu.

Kabla ya kuondoka: choo, kuangalia magurudumu, na swali la mwisho kwa polisi wa kizuizi kuhusu njia ya mbele.

Dalili ya kufaulu: saa tatu na nusu umekata kulia, dereva yuko macho, na una habari ya leo, si ya jana.

## Hatua ya 6: Minjila hadi Mokowe bila kuchelewa

Hii si sehemu ya kutalii. Unavuka delta ya Tana, nchi ya kijani na ndege wengi, na utatamani kushuka. Usishuke porini. Kama unataka kunyoosha miguu, ngoja Witu au Hindi, penye watu.

Kaa nyuma ya magari mengine kwa umbali unaoyaona. Kwenye kizuizi punguza mwendo mapema, shusha vioo, zima muziki, toa vitambulisho vyote pamoja. Jibu kinachoulizwa. Usipige picha askari, magari yao wala vizuizi.

Njaa ikikugusa, ndiyo kazi ya yale mahamri manane. Yaliwe makavu na maji. Usiingie Mpeketoni kutafuta chakula, kwani iko pembeni mwa barabara kuu na itakula saa uliyoitunzia wali wa Lamu. Usipitishe hapa saa kumi na moja jioni kwa hali yoyote. Ukichelewa mpaka hapo, lala Malindi au Garsen.

## Hatua ya 7: Mokowe, gari linabaki

Ukifika kabla ya saa sita umefanya vizuri. Weka gari kwenye maegesho yanayolindwa, patana bei ya usiku kabla ya kukabidhi, uandikiwe risiti. Usiache kitu kinachoonekana ndani.

Vijana watakukimbilia kuchukua mizigo. Wengi ni watu wema wanaotafuta riziki, lakini sema neno moja kabla mzigo haujanyanyuliwa: "Bei gani mpaka botini?"

Kwenye boti uliza maswali mawili: ni kwa kichwa au ni ya kukodi, na inaondoka lini. Boti ya abiria ni rahisi na huondoka ikijaa, kama nusu saa hadi Lamu. Ya kasi ni dakika kumi hivi, kwa bei kubwa. Dai jaketi ya kuokolea na uivae. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za gati huteleza, kwa hiyo vua ndara ushuke kwa mikono mitupu.

## Hatua ya 8: Wali wa mchana Lamu, saa sita na nusu hadi saa nane

Mji wa kale wa Lamu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na hauna magari ila kwa nadra sana. Punda ana haki ya njia. Ukisikia "Simila!" jibanze ukutani.

Usiketi kwenye mkahawa wa kwanza wa mbele ya bahari. Ingia ndani, uifuate njia kuu hadi Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, penye soko ubavuni. Hoteli ndogo za njia hiyo na vichochoro vyake ndizo zinazolisha wenyeji: mafundi, wabeba mizigo, walimu wa madrasa.

Swali la kuuliza si "Mna nini?", maana utatajiwa kila kitu. Uliza: "Leo mmepika samaki gani?" Hoteli inayonunua samaki asubuhi itakujibu kwa jina: changu, tafi, kolekole, nguru. Ikijibu "samaki tu", agiza maharagwe.

Wali wa nazi na samaki wa kupaka ndio mlo wa kuanzia. Wa kupaka huchomwa kwanza, kisha akapakwa tui zito lenye viungo, ukwaju au ndimu, akarudishwa motoni. Nyama ijitenge na mwiba kwa kidole, na tui liwe limeshika, halichuruziki. Wali uwe punje punje, si bonge. Omba pilipili ya kusaga na achari ya embe pembeni. Usiruhusu zitiwe juu kabla hujaonja.

Miezi ya kusi, bahari ikichafuka, samaki hupungua na bei hupanda. Hujadanganywa. Siku hizo kula mbaazi, mchicha wa nazi au mchuzi wa nyama, na utaridhika vilevile.

Dalili ya kufaulu: saa nane umeshiba, na umelipa bei uliyoambiwa kabla ya kuketi.

## Hatua ya 9: Lala, kisha utoke alasiri

Kati ya saa nane na saa kumi mji hunyamaza. Wanaozunguka saa hizo wakitafuta chakula huambulia milango iliyofungwa. Lala.

Baada ya Alasiri karai hurudi: viazi karai na ukwaju, bajia za kunde, kaimati zenye shira. Kula kidogo kidogo, kibanda hiki na kile. Usiku una zamu yake.

Magharibi ikishasaliwa, mkaa huwashwa. Mishkaki ya Lamu ni vipande vidogo vilivyolala kwenye viungo, na hutakiwa kuchomwa mbele yako. Iliyochomwa ikawekwa pembeni hukauka na hushikwa na nzi, hivyo sema "nichomee" na usubiri. Kula na mkate wa mofa ukiupata, unaookwa kwenye jiko la udongo. Una harufu ya moshi ambayo chapati haina. Mwisho muite muuza kahawa mwenye dele na vikombe vidogo. Kahawa chungu na kipande cha halua.

Vaa kwa stara, mabega na magoti yafunikwe. Usimpige picha mwanamke anayepika bila kumuomba. Akikataa, mshukuru ununue hivyo hivyo.

## Kwa anayepanda basi

Saa za kula ni zilezile, ila huna mamlaka ya kusimama. Kata tiketi ya basi la asubuhi linalopita Malindi mapema, na ule kabla hujapanda. Muulize kondakta litasimama wapi na kwa dakika ngapi. Likisimama, kimbilia choo kwanza, chai baadaye, na uagize kitu kilicho tayari. Mbuzi wa kuchemsha atakuachisha basi. Kwenye ukaguzi utashuka na kitambulisho mkononi, kwa hiyo usikizike chini ya mizigo.

## Kurudi

Agiza boti usiku ili uwe Mokowe saa moja asubuhi. Mahamri ya Lamu yanunue alfajiri karibu na soko, uyabebe makavu. Samaki wa kukaangwa usimbebe: safari ya saa nne au tano ndani ya gari lenye joto inatosha kumharibu. Ukitaka zawadi, chukua achari, halua au ndimu. Minjila utafika kabla ya saa tano, chai ya maziwa bado ipo, na Malindi utaiingia mchana, kabla viazi karai havijateremshwa motoni.